Maneno ya bateri kavu: telefone, kilio na sanduku letu

(Hotuba iliyosomwa kwa jina la wazee washauri mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu, hapa Kalengera. Wanachama waliokuwa shambani ao safarini waliomba iandikwe. Tunaitoa sawa vile ilisomwa.)



Tumepewa dakika kumi na tano. Komite inajua kama tutapitisha, njo maana imetuweka mwisho, kiisha ya ripoti ya sanduku, wakati njaa inaanza kuuma na kila mtu anatazama jua. Hatukasiriki. Mtu mwenye mvi amezoea kuwekwa mwisho, ila kwenye kilio peke yake, kule anawekwa mbele kusudi watu waone jamaa iko na wazee.

Tunajua pia jina mlilotupa. Mnatuita "bateri kavu", kwa sababu, mnasema, tunaendelea kulia hata umeme ukikatika. Jina si baya. Umeme wa Matebe uliozinduliwa Desemba 2015, ule uliotufanya tuamini kama Rutshuru itakuwa Ulaya, tumeuona ukikatika mara ngapi tangu vita? Radio ya bateri kavu haikunyamaza. Basi mtuache tulie kidogo.

Tuanze na telefone, kwa maana njo iko mikononi mwenu sasa hivi.

Msimu uliopita, maharagwe yakiwa tayari kung'olewa, odio moja iliingia jioni katika grupu ya chama. Sauti ya mtu anayehema, dakika moja na kitu. Anasema: "Wandugu, muondoke, muondoke, wako karibu, minawaona na macho yangu." Hakusema jina lake. Hakusema yuko kijiji gani, ni siku gani, wala hao "wako karibu" ni nani. Ndani ya saa moja balabala ilijaa. Nyumba zilibaki wazi, sufuria ikiwa kwa moto. Wengine walilala kwa ndugu zao upande wa Rubare, wengine ndani ya kanisa, wengine katika migomba, na mvua ilinyesha usiku ule. Siku tatu. Siku ya ine watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wakiona haya kutazamana. Hakuna kitu kilichotokea. Lakini mashamba matano yalikuwa yameng'olewa, maharagwe yamebebwa na mashina yake, kuku wameenda, na mama mmoja mjane alikuta kamba mbili za mbuzi zimekatwa na kisu. Kiisha mwanachama mmoja aliyeko Goma akaandika katika grupu: "Ile odio mi niko nayo tangu mwaka jana. Ilitoka upande ingine kabisa."

Mtu aliyeituma tulimwita. Kijana mzuri, hatumtaji. Tulimuuliza: wewe uliona nini? Akajibu: "Wazee, mi sikuona kitu. Nili-transfere tu."

Nilitransfere tu! Sisi tumelisikia neno hili mara nyingi hata tukafikiri linafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila nyumba siku hizi. Zamani mtu akikuletea habari mbaya, ulimjua baba yake. Kama alidanganya, ulijua pa kwenda kumdai mbuzi yako. Leo habari inafika bila miguu, bila baba, na mtu aliyekuletea anasema yeye alikuwa bomba tu ambamo maji yalipita.

Sasa msituelewe vibaya. Hatusemi watu wasiogope. Hapa hakuna mtu anayekimbia kwa kucheza. Mwaka 2022, Oktoba ikiisha, vita vilipofika Rutshuru-centre na Kiwanja, waliochelewa siku ile walijuta, na wengine hawako hapa kutuambia. Hofu ya watu wa balabala hii ni hofu iliyolipiwa. Hiyo njo sababu yule anayeicheza bila kujua anafanya kitu kibaya kuliko mwizi wa mbuzi. Mwizi alichukua mbuzi wawili. Odio ilichukua msimu wa jamaa tano, na zaidi ya hayo imetufundisha kutoamini. Siku ile sauti itakuwa ya kweli, nusu ya watu watasema "ni zile odio za kila siku", na watabaki wakipika.

Kumbukeni 2021. Tarehe 22 Mei, siku ya posho jioni, Nyiragongo ilipasuka. Watu wa Goma waliona mbingu nyekundu mbele ya kusikia tangazo lolote. Siku tano kiisha, tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi Constant Ndima akatangaza kartie nyingi za mji zihame mara moja. Watu mamia ya maelfu wakatoka: wengine Sake, wengine Rwanda, wengine wakapanda balabala hii yetu kuja Rutshuru na magodoro kichwani. Watoto wengi walipotezana na wazazi. Na lile lilikuwa tangazo la kweli, lenye jina la mtu, saa, na majina ya kartie! Kama tangazo lenye jina linaweza kuumiza hivyo kwa haraka yake, tufikirie lile ambalo halina jina.

Tunasikia mtu anacheka kule nyuma: "Wazee wanataka tu kurudisha radio yao." Hapana. Sisi njo watu wa mwisho wa kuisifu radio ya zamani, kwa sababu tuliisikiliza. Tulikuwa na Voix du Zaïre. Wenye bahati ya televizyo walimuona Mobutu kila jioni akitoka katika mawingu kama malaika na kofia ya chui, kabla ya habari kuanza. Desemba 1979, wakati wa sikukuu, radio ile ile ilitangaza kama noti za zaïre 5 na zaïre 10 zimekufa. Mtu aliyeuza ng'ombe na kuficha pesa chini ya kitanda alilala akiwa tajiri, akaamka na karatasi ya kuwasha moto. Radio haikusema uongo siku ile, lakini ilikuwa radio ya mtu mmoja.

Na sisi tulio karibu na mpaka tunajua mengine. Julai 1993, ng'ambo ya Rwanda, ilianza radio iliyoitwa RTLM. Ilikuwa na muziki mzuri na mzaha, vijana waliipenda sana. Mwaka 1994 ilikuwa inataja watu kwa majina na mahali walipo, kusudi wauawe. Katika Julai ya mwaka ule karibu watu milioni moja walivuka kuingia Goma, kipindupindu kikawamaliza kwa maelfu na maelfu juu ya mawe ya volkano ambamo hata kuchimba kaburi haiwezekani. Kambi ya Katale ilikuwa pale, katika Rutshuru hii yetu. Pori lililokatwa wakati ule kwa kupika, mpaka leo kuko mahali halijarudi. Desemba 2003, mahakama ya Arusha iliwahukumu watu watatu, wawili wa ile radio, Nahimana na Barayagwiza, na mmoja wa gazeti Kangura, Ngeze. Mahakama iliwapata kwa sababu walikuwa na majina. Yule wa odio yetu, mahakama gani itampata?

Kiisha kulikuja radio ingine. Radio Okapi ilianza tarehe 25 Februari 2002, mwezi mmoja na kitu kiisha ya volkano ile ya Januari. Ilisema Kiswahili, Lingala, Kikongo, Tshiluba na Kifaransa, na mwandishi alitaja jina lake mwisho wa habari na mahali aliposimama. Wengi wetu tulijifunza kutoka kwake kuuliza: nani amesema, na mwingine amejibu nini? Watu wawili wa radio hiyo waliuawa kwa risasi Bukavu, Serge Maheshe Juni 2007 na Didace Namujimbo Novemba 2008. Tunawataja kusudi vijana wajue kama kuko watu walioenda wenyewe mahali habari ilipo, wakaona, kiisha wakasema na jina lao juu. Na wewe umelala juu ya kitanda, unasukuma kwa kidole kitu ambacho hukukiona, na mega ni za bure kwa sababu uliomba shemeji.

Basi ombi letu la kwanza kwa mkutano. Katika grupu ya chama, mtu asiweke habari ya usalama kama haina vitu vitatu: jina lake mwenyewe, mahali, na saa. Na mbele ya kuiweka, apige simu kwa mtu mmoja aliye pale. Mmoja tu! Chama kiweke pembeni pesa kidogo za forfe kwa watu wanne, mmoja kila upande, waulizwe wao. Mwenye kuona kwa macho, apige makelele hata usiku wa manane, hatutamuuliza sarufi. Mwenye "kutransfere tu", atolewe katika grupu miezi mitatu. Vijana wamesema adhabu ni kali. Mjane wa mbuzi wawili hajasema hivyo.

Sasa kilio.

Hapa tunajua tutachukiwa, kwa hiyo tuseme upesi mbele hamjatuzimisha. Zamani hapa Bwisha mtu akifa, wafiwa hawakupika. Jirani alileta kuni, mwingine ndizi, mwingine unga wa mtama, vijana walichimba, wamama walikaa na mama mwenye kufiwa. Siku hizo jembe halikwenda shambani. Mtu alitoka kwenye kilio amesaidia. Leo mtu anatoka kwenye kilio amekula. Wafiwa njo wanatulisha sisi! Kwanza wanatafuta sono na jeneratere. Kiisha komunike ya radio Goma, na huko unalipa, na orodha ya majina iwe ndefu, kwani shangazi asiposomwa atakuja kulia juu ya jina lake kuliko maiti. Kiisha kitenge cha namna moja kwa jamaa yote. Kiisha fulana yenye picha ya marehemu. Kiisha sukre kwa kila mgeni, na pombe kwa wale ambao hawanywi sukre, na hao njo wengi. Mtu aliyekaa miezi sita mgonjwa bila mtu kumnunulia kidonge, siku ya kumzika yuko na kamera mbili.

Mtuambie ni deni la nani hilo. Ni la sanduku.

Mwaka huu, katika miezi miwili, tulipata vilio vitatu. Wote walikuwa watu wetu, Mungu awapumzishe. Kwa kila kilio wafiwa waliomba laki ine za franka, mkutano ukakubali. Sisi wazee tulisema: tutoe mbao, misumari, sanda na unga, mengine jamaa ijitafutie. Kura zikapigwa, 41 kwa 19. Tulishindwa, tukanyamaza. Kura ni kura.

Kiisha usiku mmoja mama mmoja wa chama alikuja kupiga mlango wa mhazini. Binti yake alikuwa siku ya pili katika uchungu. Muuguzi wa kituo alikuwa ameandika karatasi ya kumpeleka hospitali Rutshuru, sasa hivi, si kesho. Motari anaomba elfu makumi ine kwa sababu ni usiku na barabara si nzuri. Wenye funguo tatu waliamshwa, wakaja, mmoja bila viatu. Sanduku likafunguliwa mbele yao na taa ya telefone. Ndani mlikuwa 14.500.

Mko wengi mliosikia habari hii, lakini wengine hamkusikia namna ilivyokwisha. Mama yule alikuwa na shamba la maharagwe, yangali mabichi, wiki tatu mbele ya kuvunwa. Mfanyabiashara mmoja aliamshwa usiku ule ule, akatoa pesa, chini ya nusu ya bei, na shamba likawa lake. Hatumlaumu sana, yeye anafanya kazi yake, na bila yeye pikipiki isingetoka. Binti alipasuliwa. Yeye mzima, mtoto mzima, mmewaona leo kanisani. Lakini wiki tatu kiisha, tulipita kule asubuhi. Mama yule alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba alilolima mwenyewe, akiangalia vijana wa kulipwa wanang'oa. Hakulia. Alituuliza tu: "Wazee, mbegu ya sezo A nitaitoa wapi?"

Chama hiki tulikianzisha kwa nini? Tulipokuwa Kanyaruchinya, na wengine Bulengo, na wengine Lushagala, juu ya mawe, chini ya shitingi, tulianza kuchanga franka mia tano kila juma ili mtu akifa tusimzike ndani ya karatasi, na mtu akiugua tumtie juu ya moto. Hayo mawili. Tuliporudi Februari 2025, kambi zikivunjwa kwa haraka, tulikuta nyumba bila milango na mashamba yamekuwa pori, na sanduku lile dogo njo lililonunua majembe ya kwanza. Hakuna mtu aliyetuambia siku ile kama sanduku ni la sono.

Vijana wameleta shauri lingine, na haki ni kulisema mbele ya kulipinga. Wanasema: chama kinunue sono yake, na jeneratere, tuikodishe kwa ndoa na vilio, pesa irudi katika sanduku. Walileta hesabu kwa karatasi, bei ya Goma, mafuta, siku ngapi kwa mwezi. Hesabu ni nzuri. Tulitafuta kosa siku mbili, hatukulipata, na mnajua tulivyotafuta kwa nguvu. Lakini ni hesabu ya wakati wa amani. Mlikimbia na nini Oktoba 2022? Na mtoto, godoro, na bidoni. Baflesi za kilo makumi tano, nani atazibeba? Na pale Goma, tangu banki zilipofungwa mwisho wa Januari 2025, mmeona namna mtu mwenye pesa yake mwenyewe anavyokatwa ili aiguse. Pesa ya chama haifai kuwa kitu kizito kwa wakati huu. Kama vijana wanataka, waunde likelemba yao pembeni, wanunue, wapige muziki. Sisi tutakuja kulalamika juu ya makelele, na tutalipa kiingilio.

Ombi la pili kwa hiyo: sanduku ligawanywe mara mbili. Upande mmoja kilio: mbao, misumari, sanda, unga wa siku moja, basi. Upande wa pili ugonjwa na uzazi, na huo usiguswe kwa kilio hata cha mzee mshauri. Tumeongea kati yetu na kukubaliana: sisi tukifa, hakuna sono, hakuna fulana. Sura zetu hazikuwa nzuri hata zamani, hazifai kwa fulana.

Juu ya kazi tutasema maneno machache, ingawa hapa njo tungetaka kukaa paka jioni.

Kuna watu wanaosema kambi imeharibu watu, imewafundisha kungojea jetoni. Sisi hatukubali hivyo tu. Tulikuwa kule. Tuliona wamama wanatoka saa kumi na moja asubuhi kwenda kufua nguo za watu katika kartie za Goma. Tuliona wengine wanaenda kutafuta kuni porini, na yale waliyokutana nayo huko tunayajua, hatutayasema mbele ya watoto. Hao hawakungojea. Wanaume njo tulikuwa tunacheza dama. Lakini kitu kimoja tulikirudisha kutoka kambini, na mtu yeyote asituambie hapana: perdiemu. Siku hizi ukimwita mtu kwenye mkutano wa shamba lake mwenyewe, anauliza kama kuko transporti. Mwezi uliopita tuliita watu kusafisha mfereji unaoingiza maji katika nyumba zao. Nyumba zao, siyo zetu! Kijana mmoja akauliza: "Ni shirika gani linafazili?" Tukamjibu: shirika la miguu yako ndani ya matope.

Tuliona salongo ya Mobutu. Hatuililii. Ilikuwa kwa nguvu, wakubwa wa MPR walisimama kivulini, na asiyekuja alilipa faini. Tuliona pia Novemba 1973, mashamba makubwa ya wageni yalipogawiwa kwa wananchi. Ni wananchi gani waliyapata? Wale wa karibu na chama. Katika Rutshuru na Masisi mashamba ya kahawa yaliangukia mikononi mwa watu ambao hawakujua kukata tawi. Waliuza mashine, wakauza mabati ya maghala, wakanunua gari. Kahawa ikaingia ndani ya majani. Wao walitaka mavuno bila msimu, sawa na yule anayepari leo.

Ndiyo, tunasema juu ya pari. Mtoto wa hapa Kalengera anajua nani ameumia mguu katika timu ya Manchester, na hajui mbuzi wa nyumbani wamekula wapi. Anaweka elfu moja, anaambiwa atapata laki moja kama timu saba zote zitashinda. Saba! Sisi tuliozaa watoto saba tunajua ni vigumu wote washinde. Na pesa ile inatoka wapi? Imetoka katika gigozi za maharagwe ambazo mama amehesabu jioni, na asubuhi hesabu imepungua, na mama anasema ni panya.

Lakini mtuone pia tukisifu, isije ikaandikwa kama hatujui. Kuko vijana sita hapa waliochonga chukudu wenyewe, mti wao, nyundo yao, wakakata ndara za mpira kwa breki, na wanashusha viazi na mahindi mpaka soko. Hawakungoja shirika. Kuko wasichana wawili wanaoshona pale karibu na kituo na mashine moja, mmoja asubuhi, mmoja mchana. Hao hamtawasikia katika odio yoyote.

Kwa hiyo ombi la tatu: posho asubuhi, mara mbili kwa mwezi, kila jamaa itoe mtu mmoja kwa masaa matatu. Tutaanza na mashamba ya wajane na ya wagonjwa, kiisha mfereji. Hakuna faini. Jina la jamaa isiyokuja litasomwa tu kwenye mkutano, kwa sauti, na mzee mwenye sauti kubwa kuliko wote amejitolea kusoma.

Juu ya mavazi na muziki tulikuwa tumeandika kurasa mbili. Wake zetu walizisoma jana jioni, wakasema tuziache, kwani wao wanakumbuka suruali tulizovaa 1975. Tunaziacha. Tutasema hili moja. Leo msanii anaimba, na katikati ya wimbo anataja majina ya watu waliomlipa: mkubwa huyu, mkubwa yule, mwenye duka la madini. Vijana wanaita mabanga. Franco, katika 1987, alitoa wimbo mzima kuwaonya watu juu ya ugonjwa wa Sida, wakati wakubwa wengi waliona haya kulitaja jina lake. Hakuwa mtakatifu, na nyimbo zake zingine aliziimba kwa kumsifu Mobutu, tunajua. Lakini siku ile aliitumia sauti yake kama mzazi. Kama vijana wa hapa wanaoimba rap kule kwa kinyozi wanataka kutufurahisha, watuimbie juu ya mama aliyeuza shamba bichi. Hata wakitumia maneno ambayo hatuelewi, tutanyamaza.

Dakika zetu zimepita, tunaona prezida anashika saa. Maombi ni matatu: habari katika grupu iwe na jina, mahali na saa; sanduku ligawanywe mara mbili; na posho mbili kwa mwezi za kazi ya pamoja. Tunaomba yapigiwe kura moja moja, siyo kwa pamoja, kusudi atakayekataa la sanduku asijifiche nyuma ya mfereji.

Na kabla ya kura, jambo ambalo haliko katika programu. Kwa yule mama wa shamba bichi, tumetafuta kati yetu wazee tukapata gigozi nane za mbegu. Hazitoshi shamba lake. Zinahitajika kama ishirini. Mfuko uko pale mezani mbele ya mama mhazini, umefunguliwa. Mvua ya Septemba imekaribia. Wenye mbegu nyumbani, mko na muda wa kwenda kuileta wakati wengine wanapiga kura, tutawangojea.